Presi ya braza na pete ya ngozi iliyochelewa miaka 132

Wadau, leo naomba tuiache siasa ipumzike. Nataka kuandika kuhusu jeki.

Ndiyo, jeki. Hii hii ambayo dereva anaitoa chini ya kiti tairi likipata pancha barabarani. Najua wengine mtasema jamaa amekosa cha kuandika, lakini nivumilieni kidogo.

Kaka yangu mkubwa ni fundi magari. Alifanya kazi miaka sita katika gereji moja ya mjini, na siku alipoomba aongezewe mshahara kwa sababu shemeji alikuwa amejifungua mtoto wa pili, bosi alimwambia mlango uko wazi. Braza hakusubiri kuambiwa mara mbili. Sasa hivi yuko nyumbani kwake Tabata, uwani, chini ya mwembe, na bati alizoezeka mwenyewe. Wateja wapo. Tatizo lake lilikuwa beringi.

Kwa wale ambao gari kwao ni kukaa kwenye siti na kutoa nauli: beringi ya gurudumu huwa imebanwa ndani ya habu kwa nguvu kubwa mno, haitoki kwa kuvutwa na mkono. Ukiitoa kwa nyundo unaweza kuiharibu habu, na ukiingiza mpya kwa nyundo unaiua kabla haijazunguka hata mara moja, kwa sababu zile gololi na njia zake hazitaki kugongwa. Inatakiwa isukumwe taratibu, kwa nguvu iliyo sawa pande zote. Hiyo ndiyo kazi ya presi. Braza hakuwa nayo, kwa hiyo kila beringi ilipanda bodaboda kwenda kwa mwenye presi, ikapangiwa foleni, ikalipiwa, ikarudi. Faida yote ilikuwa inaishia njiani.

Akaamua kutengeneza ya kwake. Akaenda Gerezani akanunua vipande vya chaneli vilivyochakaa, akachomelea fremu, akafunga jeki ya tani 12 aliyokuwa nayo. Jumamosi ile nilikuwepo. Alipampu mara tano, mara sita, fremu ikaanza kulia kama mlango wa zamani, halafu PAA! Mchomeleo uliachia, na kipande cha chuma kikapita kati yangu na ndoo ya maji kikaenda kugonga ukuta wa jirani. Tukatazamana. Shemeji akatoka jikoni na mwiko mkononi.

Braza alikaa chini kwenye tairi, akafuta uso, akaniuliza: "Dogo, wewe si umesoma? Hii kitu nani aliianzisha? Na yeye ya kwanza ilimpasukia?"

Sikuwa na jibu. Nilirudi kwangu nikaanza kusoma, na hiki ndicho nilichokipata.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko chuma cha kulitekelezea. Aliyeliweka sawasawa kwenye karatasi ni Mfaransa Blaise Pascal, yule yule wa hesabu na falsafa. Alikufa mwaka 1662 akiwa na miaka 39, na mwaka uliofuata, 1663, maandishi yake juu ya mizani ya vimiminika yakachapishwa. Humo alieleza chombo kilichojaa maji chenye matundu mawili, moja kubwa mara 100 ya jingine, kila tundu na pistoni yake. Mtu mmoja akisukuma ile ndogo, alisema, atalingana na watu 100 wanaosukuma ile kubwa.

Hesabu yake ni rahisi kuliko ya nauli za daladala. Chukua pistoni ndogo yenye kipenyo cha sentimita 1 na kubwa yenye sentimita 10. Kipenyo kimezidi mara 10, lakini eneo la uso wake limezidi mara 100. Maji yakisukumwa hayachagui upande, presha ni ile ile kila mahali. Kwa hiyo sukuma ndogo kwa kilo 10, kubwa itasukuma kwa kilo 1,000, tani nzima. Ila hakuna cha bure hapa duniani: ili kubwa ipande sentimita 1, ndogo inabidi isafiri sentimita 100. Ndiyo maana fundi anapampu mpaka jasho linamtoka na jeki inapanda kama konokono.

Sasa, kama jambo lilijulikana tangu 1663, kwa nini dunia ilikaa mpaka 1795 bila presi? Miaka 132! Hapo katikati wamekufa wafalme, zimepiganwa vita, mvuke umeanza kuendesha mashine, lakini chombo cha Pascal kimebaki karatasini.

Jibu ni kuvuja. Basi. Hakuna siri nyingine kubwa.

Aliyechukua hataza ya presi hiyo mwaka 1795, yaani cheti cha kumlinda mvumbuzi, ni Mwingereza Joseph Bramah. Huyu mzee ningependa sana kumhoji. Alizaliwa 1748 Stainborough, huko Yorkshire, mtoto wa mkulima. Aliumia mguu akiwa kijana, shamba likamshinda, akawekwa kwa seremala kujifunza kazi. Baadaye akaenda London. Mwaka 1778 alipata hataza ya choo cha kuvuta maji. Mwaka 1784 akapata ya kitasa, na kitasa hicho kilikuwa kigumu kiasi kwamba duka lake la Piccadilly liliweka kimoja dirishani na tangazo la kumlipa gini 200 atakayekifungua bila ufunguo. Kilikaa pale miaka na miaka, Bramah mwenyewe akafa, ndipo mwaka 1851 akaja Mmarekani A. C. Hobbs akakifungua. Ilimchukua saa 51 zilizosambaa katika siku 16. (Wezi wetu wa mitaani wangekata tamaa siku ya kwanza wakavunja dirisha.)

Kwa hiyo Bramah alikuwa mtu wa kuaminika kwenye chuma. Presi yake ilifuata hesabu ya Pascal neno kwa neno: pampu ndogo, silinda kubwa, maji katikati. Shida ilikuja pale pistoni kubwa inapopita kwenye mdomo wa silinda. Pale lazima pawe na nafasi, la sivyo pistoni haitembei, na palipo na nafasi maji yanatoka. Wakati ule watu waliziba kwa kusokomeza katani na kuibana kwa nguvu. Ukiibana kidogo, maji yanachuruzika na nguvu inapotea. Ukiibana mpaka maji yakome, pistoni inakwama, na hata ukiachia presha haishuki. Mashine ya kukupa nguvu za watu 100 inageuka nguzo.

Hapa ndipo anaingia kijana mmoja wa karakanani kwake, Henry Maudslay, na ndiye aliyenifanya niandike makala haya.

Maudslay alizaliwa 1771 Woolwich. Akiwa na miaka 12 alikuwa tayari kwenye ghala la silaha la serikali akijaza baruti. Akahamia kwenye useremala, kisha kwenye ufuaji, na mikono yake ikaanza kusemwa mjini. Bramah akamwita akiwa na miaka 18 tu. Inasimuliwa kwamba mafundi wakubwa walipomwona walinuna, wakasema huyu mtoto hajamaliza hata muda wake wa uanagenzi. Yeye akaona jiliwa bovu benchini, akasema nipeni mpaka saa kumi na mbili jioni, nikilifanya kama jipya mnaniajiri? Akavua koti. Jioni jiliwa lilikuwa safi, kazi akapata.

Dawa ya kuvuja aliyoileta ni kipande cha ngozi. Alichukua pete ya ngozi akaikunja iwe kama kikombe, mdomo wake ukitazama upande wa maji. Presha inapopanda, maji yenyewe yanaingia ndani ya kile kikombe na kuibana midomo ya ngozi kwenye pistoni. Presha ikizidi, inabana zaidi. Presha ikiachiwa, ngozi inalegea na pistoni inarudi kwa raha zake. Yaani kile kile kinachotaka kutoroka ndicho kinachofunga mlango! Nilisoma aya hiyo mara tatu, halafu nikampigia braza simu saa nne usiku.

"Sasa si ndiyo sili hiyo?" akasema. "Fungua jeki yoyote, utaikuta imekaa hivyo hivyo. Siku hizi raba."

Nikamwambia ndiyo, lakini kuna mtu aliifikiria kwanza. Akanyamaza kidogo. "Kwa hiyo bila hiyo raba hamna jeki?" Hamna jeki, braza.

Nitende haki ya uandishi hapa. Habari kwamba ngozi ile ni ya Maudslay inatokana na James Nasmyth, mhandisi aliyefanya kazi chini yake baadaye, na ikasambazwa na mwandishi Samuel Smiles katika kitabu chake cha 1863. Wapo wanaompa sifa ya pete hiyo Benjamin Hick wa Bolton. Ila mimi nikipima, namwamini zaidi Nasmyth, maana alikuwa karakanani na si mtu wa kusikia kijiweni. Na hata wanaobishana juu ya ngozi hawabishi kwamba hataza ilikuwa na jina moja tu. Mpaka leo Wazungu wanaiita presi ya Bramah.

Maudslay alikuwa amekuwa msimamizi wa mafundi wote. Mshahara wake ulikuwa shilingi 30 kwa wiki. Alikuwa ameoa, mke wake alikuwa amefanya kazi za ndani nyumbani kwa Bramah, na watoto walikuwa wanaongezeka. Mwaka 1797 akaenda kuomba nyongeza. Bramah akakataa, tena kwa ukali.

Wadau, nilipofika hapo niliweka kitabu pembeni nikacheka peke yangu. Miaka mia mbili na zaidi, bahari na mabara katikati, na mazungumzo ni yale yale!

Maudslay akaondoka akafungua kijikarakana Wells Street. Kazi yake ya kwanza ilikuwa fremu kubwa ya chuma ya kuwekea picha, aliyoagizwa na mchoraji mmoja. Miaka michache baadaye alikuwa akijenga mashine za kutengeneza kapi za meli za jeshi la majini la Uingereza kule Portsmouth, zilizobuniwa na Marc Brunel, na kufikia 1808 watu 10 walikuwa wakifanya kazi iliyokuwa ikihitaji 110. Mashine yake ya kukereza skrubu imo katika kila historia ya vyuma. Na mafundi waliopita mikononi mwake, akina Whitworth, Roberts, Clement na huyo Nasmyth, ndio waliokuja kuzijaza karakana za karne ile. Bramah aliyabana matumizi yake ya wiki akampoteza mtu wa namna hiyo. Mwenyewe alifariki mwaka 1814, baada ya kusimamia presi yake iking'oa miti katika msitu mmoja wa Hampshire.

Turudi kwenye swali la pili la braza: ilipasuka?

Ilipasuka, tena vibaya. Mwaka 1849 mhandisi Robert Stephenson alikuwa akijenga Daraja la Britannia kule Wales, la treni kuvuka mlango bahari wa Menai. Lilikuwa mabomba makubwa ya mraba ya chuma, treni ipite ndani yake. Mabomba marefu yalikuwa na futi zaidi ya 450 na tani zaidi ya 1,500 kila moja, na yalielea majini kwanza kisha yakapandishwa kama futi 100 juu kwa presi za haidroliki. Pistoni ya presi kubwa ilikuwa na kipenyo cha inchi 20, ikipanda futi 6 kwa mkupuo. Mwezi Agosti mwaka huo, bomba likiwa njiani kupanda, kitako cha silinda kiliachia na kuporomoka juu ya bomba lenyewe.

Bomba likaanguka. Lilianguka inchi 9 hivi, basi. Stephenson alikuwa ameamuru kwamba kila linapopanda, chini yake pajazwe na kujengwa papo hapo, hata kama kazi inachelewa. Presi ilinyanyua, lakini hakukubali presi peke yake ishikilie. Silinda mpya ikatengenezwa, daraja likafunguliwa Machi 1850, na presi ile ikapelekwa kwenye Maonyesho Makuu ya London ya 1851 watu waitazame.

Hizo inchi 9 zimenikaa kichwani kwa sababu yangu mwenyewe. Katika ile gereji ya zamani ya braza kulikuwa na kijana waliyekuwa wakila naye mihogo saa nne asubuhi. Siku moja aliingia chini ya gari lililonyanyuliwa na jeki tu, bila stendi, kwa sababu stendi zilikuwa mbili na zote zilikuwa chini ya gari jingine. Sili ikaachia. Habari ile niliiandika mimi. Aya tatu, ukurasa wa ndani. Niliandika umri wake, aina ya gari, na kwamba polisi wanaendelea na uchunguzi. Sikuuliza habari za stendi. Sikujua kama ni swali.

Jeki ya chupa inapobeba tani 10 kwa pistoni ya sentimita 4, kila sentimita ya mraba ya mafuta mle ndani inasukumwa kwa kilo karibu 800. Tairi la gari dogo lina kama kilo 2. Kati ya mzigo huo na kifua cha mtu kuna raba nyembamba.

Mambo mengine ya karne ile niyapitie haraka. Richard Dudgeon wa New York alipata hataza ya jeki ya kubebeka mwaka 1851, na huyo ndiye babu wa jeki ya braza. Meli kubwa Great Eastern ya Brunel mtoto, iliyogoma kuingia mto Thames tangu Novemba 1857, ilisukumwa kwa jeki za haidroliki mpaka ikaelea Januari 31, 1858, na ndugu wa ukoo wa Tangye wa Birmingham waliotoa jeki wakatajirikia hapo. Na huku kwetu, mkonge ulioletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, miche 62 tu iliyofika hai kati ya 1,000, ulikuja kuzaa mashamba yenye nyumba za presi. Babu yetu alifanya kazi katika moja huko Korogwe, wakifunga marobota ya kilo 250. Alikuwa akisema "nipo presi" kama mtu anavyosema yupo benki. Nilidhani ni jina la mahali.

Braza alijenga fremu ya pili. Safari hii alishaelewa kilichomponza: tani 12 zinazosukuma beringi kwenda chini ndizo tani 12 hizo hizo zinazosukuma fremu kwenda juu, na mchomeleo wake mwembamba ndio uliokuwa umezibeba zote. Sasa nguzo ni chaneli nene, na mihimili imekaa juu ya pini za chuma zilizopita kwenye matundu, chuma kinabebwa na chuma, mchomeleo umebaki wa kushikilia tu. Mbele amening'iniza kipande cha mkanda wa raba, maana beringi ikipasuka ndani ya presi inatawanyika kama bomu.

Kilichokuwa kimebaki ni jeki yenyewe. Mara ya kwanza aliifunga kichwa chini ili isukume kwenda chini, na kila ikipampiwa ilikuwa inavuta hewa badala ya mafuta, inarukaruka. Jeki ya chupa haipendi kupinduliwa. Safari hii imesimama wima juu ya mhimili unaoning'inia kwa springi mbili. Inasukuma fremu ya juu, fremu haiendi popote, kwa hiyo mhimili ndio unaoshuka na kukandamiza kazi. Ukiachia valvu, springi zinaurudisha.

Jumamosi iliyopita walijaribu habu ya bajaji. Beringi ilitoka na mlio mdogo tu, tik, kama kuvunja kijiti. Mpya ikaingia bila hata mlio. Shemeji alipiga kigelegele kutoka jikoni.

Nikamwambia braza ile ya kuning'iniza kwa springi ni akili kubwa, ameitoa wapi? Akaonyesha kwa kidole kijana wake, anayejifunza kazi, ana miaka kama 17, alikuwa anafuta grisi kwenye habu. "Ni yeye. Aliona kwenye kitanda cha chuma cha nyumbani kwao, springi zinavyorudi."

Nikamwuliza anamlipa kiasi gani.

"Anajifunza huyo, dogo," akasema, na akainama kutafuta spana namba 17, ambayo ilikuwa mkononi mwake.